Aliyepokea Katoni

Karatasi zilikuwa saba, na katika hizo saba wino mweusi ulikuwa mwingi kuliko maneno. Serikali ilifuta kila ilichoona hakifai kusomwa na mtu inayemtuhumu, ikabakiza vipande vya sentensi kama mifupa ya samaki sahanini. Placida alizijua kwa moyo. Hata hivyo asubuhi ile ya Alhamisi alizisoma tena akiwa wima, koti bado mwilini, katika ofisi ya wakili Bhavini iliyo juu ya duka la miwani pale Harrow.

Mambo yalikuwa hivi. Ziyad Hamad, mzaliwa wa Wete, mfanyakazi wa famasi, miaka kumi na minne London, mume wa Afra na baba wa mabinti wawili, alikuwa amefutiwa kibali chake cha kuishi kwa sababu za usalama wa taifa. Walimweka kizuizini karibu na uwanja wa ndege, karibu kiasi kwamba usiku kucha ndege zilimpitia utosini. Ya kwake, ya kumrudisha kwao, ilipangwa Jumatatu. Kuizuia kulihitaji ushahidi mpya uwe mezani kwa jaji kabla ya saa kumi jioni ya leo. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo asubuhi.

Placida hakuwa wakili wala askari. Alizaliwa Bukoba, akalelewa Kirumba kwa shangazi mwenye kibanda cha chai, mahali ambapo mtu akipiga chafya mtaa wa pili anaombewa afya mtaa wa kwanza. Huko ndiko alikosomea kazi hii ya upelelezi. Bhavini alimwajiri kwa sababu watu walimwambia mambo, tena bila kuulizwa.

Lakini kesi hii haikuwa na wa kumwambia chochote. Kulikuwa na wakili mwingine, aliyeteuliwa kuziona zile sehemu nyeusi kwa niaba ya Ziyad, ila akishaziona hakuruhusiwa tena kusema na Ziyad hata neno. Bhavini alisema ni sawa na kupewa daktari ambaye akishakupima haruhusiwi kukwambia unaumwa nini. Hakusema kwa utani. Alikuwa hajala tangu jana.

Kilichosomeka vizuri kilikuwa aya ya nne peke yake. *Uliagiza kilo kumi na mbili za kemikali inayoshika moto kwa urahisi, kiasi kisichoendana na matumizi ya nyumbani, kwa ajili ya*, kisha weusi hadi mwisho wa mstari.

Wiki tatu nzima waliifukuza aya hiyo kwenye famasi. Ziyad mwenyewe aliandika kwa mkono, kutoka kizuizini, orodha ya spiriti yote aliyowahi kuagizia kazini. Meneja alitoa barua. Kila chupa ilionekana. Jana jioni walipomaliza kuzijumlisha, hapakuwa na kilo kumi na mbili za kitu chochote.

"Labda wamekosea mtu," Placida alisema.

Bhavini alivua miwani. "Hata wakiwa wamekosea, nani atawauliza? Mwizi anaulizwa, muuaji anaulizwa. Jambo likishaitwa usalama wa taifa, dada yangu, anayeuliza ndiye anayeandikwa. Nenda kwa Afra. Uliza upya kama vile hujawahi kuuliza."

*

Nyumba ya Afra ilikuwa South Harrow, na mwanzoni usingepata pa kuweka kiatu mlangoni. Kila Alhamisi wanawake walikuja kumsomea Ziyad. Wiki ya kwanza walikuja arobaini, wakakaa hadi ngazini, na sufuria la maandazi likarudishwa jikoni mara tatu. Wiki ya pili walikuja ishirini. Mmoja alisikia kuwa magari ya waliokuja yanapigwa picha. Mwingine mumewe alikuwa na maombi yake ya uraia. Leo Placida alihesabu tisa, na wawili kati yao walikuwa dada zake Afra.

Hao tisa walijitahidi kusoma kwa sauti ya watu arobaini. Placida, Mkatoliki wa kufunga na kusali, aliinamisha kichwa mpaka walipopumua, akamfuata Afra jikoni.

Akauliza upya. Rangi za nyumba? Mafuta ya gari? Dawa ya kuulia kunguni? Afra alijibu kila swali hapana, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Waliokuja kupekua, alisema, walichukua simu, kompyuta, chupa ya spiriti ya kusafishia vidonda, hata seti ya majaribio ya sayansi ya mtoto. Mtoto huyo sasa aliulizwa shuleni kwa nini haongei. Ndani ya nyumba pia alikuwa haongei, si Kiswahili wala Kiingereza.

"Ngoja nikupatie sahani, ule chochote," Afra alisema, akafungua kabati la chini ya ngazi na kuburuta katoni iliyojaa sahani za plastiki za shughuli.

Placida alipiga goti kumsaidia. Ubavuni mwa katoni kulikuwa na alama nyekundu ya umbo la almasi, na ndani yake mwali wa moto.

Hakupayuka. Shangazi yake alimfundisha kuwa habari ikija yenyewe huifungulii mlango kwa kishindo. Akauliza tu, katoni hii ilikuja na nini?

"Hiyo? Ya chama hiyo. Ilikuwa na vitu vya maiti. Ziyad aliileta tupu, nikaona inafaa kwa sahani."

"Vitu gani vya maiti, mdogo wangu?"

"Karafuu maiti. Kafuri. Si ndiyo wanayomtia maiti akishakoshwa?" Afra alimtazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyeulizwa chumvi ni nini. "Ziyad ni mkosha maiti wa chama. Kwani hukujua?"

Placida hakujua. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuambiwa mpelelezi. Afra alimweleza huku akikung'uta sahani: chama cha maziko, chini ya Bwana Nadim, kilikodi yuniti katika eneo la magereji huko Wealdstone, ndani yake wanakoshea maiti wao. Mwaka ule wa korona kafuri iliadimika, watu wakazikwa bila ya kafuri, na Ziyad aliapa haitatokea tena. Ndipo akaagiza kwa jumla. Kwa kina Afra haikuwa kemikali. Mtu aliyezaliwa Wete na mtu aliyezaliwa Bukoba wangeweza kupekua nyumba nzima wakitafuta kemikali, wakaipita kafuri mara mia.

Katoni ilikuwa na karatasi mbili zilizobandikwa. Moja ilitaja kitu chenyewe na uzito: kilo kumi na mbili. Ya pili ilikuwa ya msafirishaji, tarehe kumi na tisa Januari. *Mteja hakuwepo. Mzigo umeachwa kwa jirani, yuniti 9.*

Wapekuzi walikuwa wamefungua kabati hili. Waliona sahani, wakafunga.

*

Njiani kwenda Wealdstone, ndani ya basi, Placida alimpigia Bwana Nadim. Mzee alipokea, akasikia jina la Ziyad, akataka kukata. Placida alimwomba jambo moja tu: asome risiti ya kafuri inasemaje.

Ukasikika mchakacho wa makaratasi. Risiti ilisema pakiti ishirini na nne, za nusu kilo. Neno kilo kumi na mbili halikuwemo. Kwenye daftari la chama pia waliandika pakiti. Katoni yenyewe ilifunguliwa siku ile ile ilipopatikana, pakiti zikapangwa rafuni, katoni ikaenda na Ziyad.

"Bibi, usinipigie tena," alisema Bwana Nadim. "Nina wajukuu."

Placida aliiweka simu mapajani akapanga mambo. Mtu aliyesema *pakiti* angekuwa wa ndani ya chama. Serikali ilisema *kilo kumi na mbili*. Kwa hiyo aliyewapa habari aliuona mzigo kabla haujafunguliwa, na hakuona tena kilichofuata. Alijua uzito na alama ya moto. Kazi yake hakuijua. Na mzigo ule, kabla ya kufunguliwa, ulilala mahali pamoja tu.

Yuniti ya tisa ilikuwa gereji ya breki na matairi. Saa ilikuwa saba kasoro. Mwenyewe alitoka chini ya gari, Singasinga wa miaka sitini na ushei, kilemba cha bluu, ndevu zenye madoa ya grisi. Placida aliliona jina ukutani, Tarsem, akamwamkia kwa Kiswahili kwa kubahatisha.

Uso wa mzee ukafunguka. Alizaliwa Kisumu, alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kimelala tangu mke wake afariki. Akachemsha chai. Placida akakaa kwenye tairi, akamwachia aongee: Kisumu ya shule ya msingi, samaki wa siku ya soko, mwanawe aliyehamia Kanada akaoa bila kumwambia. Moyo wa Placida ulikuwa unakimbia na saa, lakini chai ya mtu haikatwi katikati. Robo saa ikaondoka.

Kisha akauliza kuhusu majirani wa mbele, yuniti ya nne, mlango wa chuma wa kijivu usio na bango.

Tarsem akaweka kikombe chini. "Wewe ni wa nani?"

"Ni wa mke wa Ziyad. Yule kijana mrefu. Wanamweka kwenye ndege Jumatatu."

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hata vile vilivyokuwa safi.

Yaliyofuata aliyasema bila kusukumwa sana. Mwaka juzi wenye biashara wote wa eneo lile waliitwa kwenye ukumbi wa hoteli. Walipewa chai na biskuti, na mama mmoja mwenye sauti nzuri akawaonyesha picha kwenye skrini. Aliwaambia nchi ina macho milioni sitini na kila jicho ni mlinzi. Akawapa orodha ya dalili: jengo lisilo na bango, madirisha yaliyofunikwa, watu wanaokuja saa zisizo na mpango, watu wanaoacha simu nje, mizigo ya kemikali. Tarsem aliibandika orodha ukutani, pembeni ya kalenda. Kabla ya hapo, majirani wa mbele walikuwa ni watu tu. Baada ya hapo kila walichofanya kilikuwa kwenye orodha.

"Nilikuwa naona wanne, watano," alisema. "Wanashuka, simu wanatia kwa ndoo pale mlangoni, wanafunga. Maji yanatiririka saa mbili, saa tatu. Wanatoka hawacheki, hawaongei. Halafu siku moja mtu wa mizigo ananiletea katoni yao. Ina alama ya moto. Mimi ndiye nilitia sahihi, dada. Nililala na hiyo kitu hapa ndani."

"Ukapiga simu."

"Nikapiga simu. Nilisema nimeona katoni ya moto, kilo kumi na mbili. Sikusema bomu. Hilo neno halikutoka kinywani mwangu."

"Wao walikuuliza nini?"

"Waliuliza ni watu wa dini gani."

 Placida akamwambia mambo yaliyofanyika nyuma ya mlango wa kijivu. Simu huachwa nje kwa sababu maiti hapigwi picha. Maji ni ya kumkosha. Wanatoka kimya kwa sababu mkosha maiti hasimulii alichokiona mwilini mwa mtu. Na ile katoni ni harufu nzuri ya mwisho.

Tarsem alitazama ng'ambo ya barabara.

"Maiti," alisema. "Hapa mbele yangu. Miaka miwili nakula chapati hapa." Kisha sauti ikapanda. "Mara tatu niliwauliza, dada. Kwa mdomo wangu. Nikaambiwa ni godauni la vitambaa. Kwa nini wadanganye mtu mzima?"

"Wangekwambia kweli ungefanyaje?"

 Mzee alikuwa mtu mkweli. Hilo Placida aliliona tangu mwanzo, na ndilo lililomuuma. "Ningeenda kwa mwenye jengo siku hiyo hiyo," Tarsem alikiri. "Nani ataleta gari lake karibu na maiti?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Chama kiliogopa kufukuzwa, kikaficha wafu wake nyuma ya uongo mdogo wa vitambaa, na uongo huo ukawa ndio pazia ambalo Tarsem aliliona kila siku akinywa chai.

Placida alitoa karatasi. Alihitaji maelezo yake kwa maandishi na sahihi: kwamba ni yeye aliyepokea katoni, kwamba ndiye aliyepiga simu, kwamba alichoona ni hiki na hiki, na kwamba hakuwahi kuona zaidi. Hapo mzee akarudi nyuma. Wale watu walikuwa wapole sana kwenye ukumbi, alisema, lakini upole wao ulikuwa wa mtu anayeandika. Akijitokeza sasa, kesho naye atakuwa aya kwenye karatasi ya mtu. Ana cheti cha gereji kinachotaka kuhuishwa. Ana kilemba, na kuna wasiojua tofauti yake na kingine.

Placida hakuwa na la kumwahidi. Angeweza kumwambia kuwa atalindwa, na angekuwa anadanganya. Saa ilikuwa nane na nusu.

"Mzee Tarsem, sitakwambia usiogope. Mimi mwenyewe naogopa. Ila wewe ulisema ulichokiona, na mtu mwingine akakivisha nguo. Hakuna mwingine London hii yote anayeweza kuivua. Mimi siwezi. Mke wake hawezi. Jaji hawezi."

 Tarsem alifanya kazi peke yake. Alikwenda akateremsha mlango wa gereji nusu, akakaa juu ya tairi la pili, akaomba kalamu. Aliandika kwa Kiingereza, herufi kubwa, kurasa mbili. Alipomaliza alisema hataki shukrani ya Afra. Akaomba asimwone.

*

Ushahidi uliingia mahakamani saa kumi kasoro dakika kumi na moja: kurasa mbili za Tarsem, maelezo aliyoyachapa Placida kuhusu yuniti ya nne, picha za katoni, na risiti ya pakiti na orodha ya waliokoshwa tangu Januari pamoja na namba za vyeti vya vifo, ambazo Afra alimwomba Bwana Nadim mpaka akazitoa. Bhavini aliusoma wote kabla ya kuutuma, na alipofika penye kafuri akavuta droo. Ndani kulikuwa na kikebe cha vipande vyeupe. Mama yake huwasha kimoja kila asubuhi mbele ya miungu yake, alisema, na yeye humnunulia dazeni kwa dazeni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Walikaa kusubiri. Afra alipiga simu mara mbili; Placida alimwambia aya ya nne imejibiwa, na akasikia nyuma yake wale tisa wakishangilia, mmoja akipiga kigelegele. Akamwomba asiwaambie zaidi. Lakini habari njema haina breki. Kabla ya nusu saa simu ya Placida ilikuwa na ujumbe wa wanawake saba aliokuwa hajawasikia kwa wiki tatu, wote wakiuliza waje na nini, wali au maandazi.

Jibu la Serikali lilifika saa kumi na moja na nusu. Bhavini alilifungua, akalisoma, akaigeuza skrini.

*Waziri hategemei tena aya ya nne. Uamuzi unabaki kama ulivyo kwa sababu zilizomo katika sehemu isiyo ya wazi.*

Chini yake palikuwa na aya mpya, ya nane, haina doa la wino hata moja. Ilisomeka yote.

*Kwa mujibu wa maelezo yaliyowasilishwa na upande wako mwenyewe, wewe na wenzako mlificha kwa makusudi, kwa miaka miwili, matumizi halisi ya jengo, mkiwadanganya mwenye jengo na majirani. Hii inathibitisha nidhamu, usiri na uwezo wa kudanganya wa kundi lililojipanga.*

Placida aliisoma mara mbili. Maneno mengine aliyatambua. Alikuwa ameyachapa mwenyewe saa mbili zilizopita.

"Kesho asubuhi kuna kikao," Bhavini alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tunajibu ya nane. Nataka kujua uongo wa vitambaa ulianzia kwa nani. Kama ni Nadim, tutamleta Nadim, hata kwa kumbeba. Kama ni mzee mmoja tu aliyeogopa kufukuzwa, hoja ya kundi lililojipanga inakufa."

Hapo ndipo simu ya kizuizini ilipolia. Dakika kumi, kila siku, saa hiyo. Bhavini aliiweka kwenye spika. Nyuma ya sauti ya Ziyad ndege ilikuwa inapaa.

Alikwisha kuzungumza na Afra. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alimwita Placida dada, akamwombea dua ndefu, akasema alijua tu, kafuri haiwezi kumfunga mtu. Placida alimwacha amalize dua yake. Ilichukua dakika mbili kati ya kumi.

Kisha akamsomea aya ya nane, polepole, mara moja.



"Ziyad, nisikilize. Siku ya kwanza mlipofungua ile yuniti. Jirani wa gereji aliuliza mnafanya kazi gani. Nani alimjibu kuwa ni vitambaa?"

Ndege nyingine ilipita. Bhavini alikuwa tayari na kalamu, nayo imesimama juu ya karatasi.

"Nilimwonea haya kumwambia," Ziyad alisema. "Alikuwa anakula."